Zamu ya Mama Pasi

Mimi naitwa Redio. Jina nililopewa na wazazi wangu lipo, ila kanisani kwetu hakuna anayelikumbuka, na kosa ni langu mwenyewe. Nauza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki kwenye kibanda kinachotazamana na mlango wa dobi, na mtu akinunua kifungo kimoja kwangu anaondoka na habari tatu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili mjue mapema kwamba katika mkasa huu mkosaji ni mimi, msije mkahangaika kumtafuta.

Ninayetaka kuwasimulia ni mpiga pasi wa hapo kwa dobi. Tulimwita Mama Pasi. Nikikaa kibandani namwona vizuri dirishani. Saa mbili asubuhi anafunga kitambaa kichwani, anapitisha kiganja juu ya meza kuhakikisha hakuna uzi wala mchanga, ananyunyiza maji kwa vidole, kisha anaanza. Shati huanza na kola, kutoka nchani kwenda katikati, maana ukienda kinyume mikunjo yote inakimbilia nchani na huitoi tena. Halafu mabega, mikono, mgongo, na upande wa vifungo mwisho, pasi ikipenya kati ya kifungo na kifungo bila kugusa hata kimoja. Mimi ndiye muuza vifungo, kwa hiyo najua. Miaka mitatu aliyokuwa pale, hakuna mteja wa dobi aliyevuka barabara kuja kwangu kwa sababu kifungo chake kimeungua. Kibiashara hakunifaa kitu, lakini nilimpenda.

Kanisa letu liko nyumba nne kutoka hapo. Ni jengo la kawaida, na mabenchi yasiyolingana urefu, na spika moja inayokoroma mahubiri yakirefuka. Mama Pasi aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alikuwa na sauti nzito, yenye joto, na wanaume wa sauti ya tatu wakipotea njia walitega sikio kwake wakarudi. Majoho yote ishirini na mawili ya kwaya aliyapiga pasi yeye, kila Ijumaa baada ya kazi, bila kuombwa na mtu.

Sasa niwaambie jambo ambalo ninyi mtalijua tangu mwanzo na sisi hatukulijua kwa miaka mitatu. Mama Pasi alikuwa na kigugumizi. Hakikumpata akiimba, wala tukisema kitu kwa pamoja. Hakikumsumbua sana akiongea na mtu mmoja aliyemzoea, tena akiwa na kazi mkononi. Lakini watu watatu wakinyamaza kumsikiliza, neno la kwanza linamgomea kooni. Alikuwa amejifunza kukificha kwa ustadi mkubwa: alijibu kwa kichwa, kwa tabasamu, kwa "mmh" moja ndefu ambayo mimi nilidhani ni madaha. Wengi tukasema ni mpole. Wengine wakasema anajisikia. Na mimi niliyekuwa naye kila siku ningejuaje, wakati kila akianza sentensi namalizia mimi?

Kila Alhamisi saa kumi jioni tuna kikundi cha maombi cha mtaa. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tukizunguka nyumba kwa nyumba, kila nyumba mwezi mmoja, kwa zamu iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi nyuma ya mlango wa kanisa. Tunaimba, tunasoma, mwenye lake anasema yaliyomsibu wiki hiyo, tunashikana mikono tunaombeana. Kisha mwenye nyumba anafunga kwa sala, kwa sauti, peke yake. Hilo ni sharti. Kiongozi wetu ni Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na sababu yake anaitoa kila mara kama vile hatujaisikia: wageni wameiombea nyumba, basi na nyumba iwaombee wageni.

Mama Pasi alikipenda kikundi kile kupita kiasi. Aliniambia mwenyewe baadaye: alihamia mtaani hajui mtu, na Alhamisi ya kwanza alipojikuta kwenye duara, mkono mmoja umeshikwa na mimi na mwingine na Bibi Kiti, mzee kuliko wote kikundini, alisema moyoni, hapa siondoki. Tangu hapo alihesabu siku kutoka Alhamisi hadi Alhamisi. Ila zamu yake ya kupokea wageni ilipokaribia, usingizi ulimpaa. Kupoteza kikundi hakutaki, na kufunga kwa sala mbele ya watu kumi hakuwezi. Basi akawa anatafuta udhuru. Mara ya kwanza alisema kwa maneno mawili na ishara tatu kwamba ukuta unapakwa rangi. Mara ya pili, kuna wageni. Mara ya tatu, mume amelala.

Amelala saa kumi jioni? Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mumewe nilikuwa nikimwona akipita mbele ya kibanda changu saa saba mchana, macho mekundu, anayumba, anashika kidogo ukuta wa dobi kabla ya kuvuka barabara. Siku moja nikamsalimia, "Shemeji, hujambo?" Akanijibu, "Asante, na wewe pia." Nikajumlisha moja na moja. Mtu mwenye akili zake angepata mbili. Mimi nikapata mlevi.

Kikundini kwetu umbea ni mwiko. Lakini umbea huohuo ukiuanza kwa kusema, "Wapendwa, kuna ndugu tumwombee," unakaribishwa kwa heshima zote. Alhamisi moja Mama Pasi alichelewa, nami nikautoa. Sikusema uongo. Nilisema niliyoyaona, nikatia chumvi kidogo, mwisho nikashusha pumzi. Fundi Rangi, kaka mmoja mpaka rangi mwenye mwili wa kubeba ngazi mbili kwa mkono mmoja, ni mwepesi wa machozi, akatoa leso. Mwalimu akasema, "Jina tusilitaje, tusije tukamwaibisha dada yetu. Tutasema 'yule ndugu'."

Basi miezi minane tukamwombea yule ndugu. Tulimwombea tumesimama, tulimwombea tumepiga magoti, tukafunga kula mchana kutwa mara mbili. Bibi Kiti, bibi yetu anayekuja na kigoda chake popote aendapo kwa kuwa haamini viti vya watu, aliikemea ile chupa mpaka meno ya bandia yakalegea. Na Mama Pasi alikuwemo humohumo kwenye duara, ameshika mkono wangu, anamwombea yule ndugu kwa moyo wake wote. Tukisema, "Mfungue, Bwana," yeye ndiye aliyeitikia "Amina!" kwa nguvu kuliko wote. Hakujua kuwa ni mumewe.

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu akasimama na lile boksi lake. Akasema nyumba zote zimepokea wageni mara tatu isipokuwa moja, kwa hiyo Alhamisi ijayo ni kwa Mama Pasi, na safari hii hatupokei udhuru. Alisema akicheka, kwake ilikuwa heshima. Tukapiga makofi. Mama Pasi naye akapiga, ila niliona rangi imemtoka usoni.

Jumatatu akavuka barabara. Akaweka juu ya boksi langu la zipu karatasi iliyokunjwa mara nne, akanibana mkono, akarudi haraka kwenye pasi yake. Niliifungua. Mwandiko mzuri, ulionyooka: "Naomba kutoka kwenye kikundi cha maombi na kwenye kwaya. Hakuna aliyenikosea. Nawapenda sana. Tafadhali msinifuate." Nililia palepale, mteja amesimama na kipande cha uzi anachotaka nimlinganishie. Nilipotazama dirishani, Mama Pasi alikuwa anapiga pasi mkono wa shati ambao alikwisha kuupiga.

Mtu mwingine angevuka barabara akamwuliza. Mimi nilifunga kibanda nikakimbilia kwa Mwalimu.

"Amemkataza!" nikamwambia nikihema.

"Nani kamkataza nani?"

"Yule ndugu! Kamkataza mkewe kusali!"

Mwalimu akavaa miwani, akaisoma karatasi mara mbili. "Ameandika tusimfuate."

"Kalazimishwa kuandika."

"Mwandiko umetulia sana huu, Redio. Mtu aliyelazimishwa haandiki hivi."

"Mwalimu! Miezi minane tumepiga magoti, leo shetani anajibu mapigo, wewe unasahihisha mwandiko?"

Mwalimu akavua miwani. Alijua hesabu, lakini mimi nilijua kusema, na siku hiyo nilishinda.

Alhamisi saa kumi tulikuwa kumi mlangoni kwa Mama Pasi, ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani. Bibi Kiti tulimpandisha ngazi kwa kumshika viwiko, kigoda chake kikiwa kwapani mwangu. Fundi Rangi alibeba ndoo ya rangi nyeupe na brashi mbili, kwa sababu ya ule ukuta aliosikia unapakwa rangi tangu mwaka juzi bila kwisha. Nikagonga.

Aliyefungua ni mume. Amevaa fulana, miguu mitupu, alama za mto zimejichora shavuni, na kwenye nyusi na masikioni ana vumbi jeupe. Kabla hajauliza sisi ni akina nani, Fundi Rangi aliweka ndoo chini, akamkumbatia, akamnyanyua.

"Ndugu yangu! Mungu hajakuchoka!"

"Nani?" akauliza yule bwana, nyayo zake zikiwa hewani.

"Chupa haitakushinda! Tupo na wewe!"

"Chupa gani?"

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu nyingine. Nyumba nzima ilinukia mkate. Nyuma ya mlango zilining'inia aproni na kofia nyeupe, na pembeni yake karatasi ya zamu ya kiwanda cha mikate: kuingia saa nane usiku, kutoka saa sita na nusu mchana. Nilitamani ngazi zinimeze. Fundi Rangi alimshusha mtu wa watu taratibu, akapitisha kidole ukutani. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi, tena zamani, tena vizuri.

"Kazi safi hii," akasema kwa huzuni.

Mama Pasi akatokea jikoni. Akatutazama wote kumi, ndoo, brashi, kigoda. Mkono ukamwenda kifuani.

"Tumekuja..." Mwalimu akaanza, kisha akanigeukia. "Redio, eleza."

Nikaeleza. Sikuacha kitu: macho mekundu, kuyumba, "asante na wewe pia", ile chumvi niliyotia, miezi minane, mifungo miwili. Nilipofika kwenye yule ndugu ni nani, Mama Pasi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka, anacheka mpaka akashika meza.

Mumewe akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mmeniombea miezi minane?"

"Minane na wiki moja," Mwalimu akasahihisha.

"Ndiyo maana," akasema polepole. "Ndiyo maana tangu mwezi wa tatu hata soda imenikataa."

Tulivunjika mbavu. Fundi Rangi alilia, safari hii kwa kicheko. Bibi Kiti akadai kigoda chake, akakaa, akawa mgeni wa kwanza kuketi katika nyumba ile.

"Haya, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Mume si mlevi, ukuta hauna neno. Sasa unatukimbia kwa nini?"

Chumba kikanyamaza. Mama Pasi akafungua mdomo. Neno halikuja. Shingo ikakaza, kope zikapigapiga. Nami, kwa mazoea yangu, nikarukia kumsaidia.

"Unaumwa? Umechoka? Mnahama?"

Mumewe akainua mkono, wala si kwa ukali. "Shemeji, mwache. Neno analo, anakuja nalo. Ukimmalizia unamrudisha mwanzo."

Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo maishani.

"Na... naogopa ku... kufunga kwa sala," akasema Mama Pasi.

Mengine yakafuata kidogokidogo, mume amekaa kando yake. Aliogopa kuonewa huruma. Aliogopa kumwona Mwalimu anatazama saa. Aliona heri atupoteze yeye mwenyewe kuliko tumwone anahangaika na jina la Mungu mdomoni. Na aliogopa kwamba mimi ningemmalizia sala. Hilo la mwisho liliniuma kwa kuwa ni kweli. Ningemmalizia mpaka amina.

Mwalimu, ambaye sijawahi kumwona akilegeza sharti hata moja, akakohoa. "Basi mumeo atafunga. Au nitafunga mimi. Sharti tulilitunga wenyewe, tunaweza kulitangua."

Wote tukakubali kwa vichwa, tukiona tumepata jibu la upendo. Mama Pasi alikuwa anatazama sakafu. Sikuona nafuu yoyote usoni pake.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" nikamwuliza, kisha nikafunga mdomo. Nilihesabu moyoni ili nisiseme. Nilifika kumi na saba.

"Na... nataka zamu yangu."

"Mimi kiti changu ninacho," akasema Bibi Kiti. "Hata ukimaliza kesho."

Basi tukafanya ibada. Viti vilikuwa vinne. Wengine tulikaa ukingoni mwa kitanda, na Fundi Rangi akakalia ndoo yake. Tuliimba nyimbo tatu. Kwaya nzima inapoimba kanisani sauti ya Mama Pasi unaisikia. Katika chumba kile ilitubeba, na mimi nisiye na sauti yoyote nilijiona naimba vizuri. Jirani wa chini akafungua dirisha na kuunga kiitikio. Tukashikana mikono, mwokaji naye tukamwingiza kwenye duara, Fundi Rangi hakuuachia mkono wake. Tukaomba kila mtu na lake. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa karibu na aibu niliyokuwa nayo, sikujua ipi inanitoa machozi. Kisha Mwalimu akavua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni.

"Mwenye nyumba," akasema.

Mama Pasi alikuwa amenishika mkono. "Baba," akasema, na likatoka safi. Lililofuata likakwama. Hakuna aliyekohoa. Jikoni bomba lilikuwa linadondosha tone, tone. Likatoka. Akashukuru kwa nyumba, kwa kazi, kwa pasi isiyounguza. Akashukuru kwa mumewe.

"Na haya ma... maombi ya miezi minane, Baba, usi... usiyatupe. Mpe ambaye anakunywa kweli."

Tukacheka macho yamefumbwa. Yeye mwenyewe akacheka katikati ya sala, na akaendelea. Akaanza kutuombea mmoja mmoja kwa kufuata duara: goti la Bibi Kiti, binti wa Mwalimu aliyekuwa anakaribia kujifungua, Fundi Rangi apate kazi ya jengo zima. Nikaona zamu inakuja upande wangu. Huyu mtu nimemchafulia mume kwa miezi minane. Sasa anakwenda kunitaja mbele za Mungu, kwa maneno yake mwenyewe, nami siwezi kuweka langu.

"Na... na R..."

Likakwama hapo. Nilijua neno linalokuja kwa sababu lilikuwa jina langu, na nikalingoja. Mkono wake ulinikaza. Nadhani lile ndilo neno lililomchukua muda mrefu kuliko yote.

"Redio," akasema. "Siku ya kwanza nilipo... nilipokuja hapa, yeye ndiye aliniita. Alisema sana, Baba. Alisema, alisema, hata sikuhitaji ku... kusema kitu. Nilipumzika. Asante kwa mdomo wake." Akavuta pumzi. "Na yeye akifika nyumbani hana mtu. Mpe wa kumsikiliza. Nianze mi... mimi."

Mtaa mzima nimeutangaza, lakini hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Tangu mama yangu afariki naishi peke yangu, na jioni nikifunga mlango, maneno yote niliyobaki nayo nayaambia kuta. Aliyajulia wapi, sijui. Labda mtu anayenyamaza miaka mitatu anasikia mengi.

"Amina," akasema Mama Pasi.

"Amina," wakaitikia wote. Mimi neno lilinigomea. Nikafumbua macho nikawakuta bado wameshikana mikono, wananitazama, hakuna anayesogea wala kuinuka. Walikuwa wananisubiri.